Kuku Alipomtema Kipepeo

Jameni, mtoto wa dada yangu amekula kipepeo, na dada bado hajui.

Mimi ndio nilikuwa namwangalia. Nilienda tu kuanika nguo.

Kugeuka, nikamwona kwa nyasi kando ya miwa, anatafuna. Mkononi ana nusu ya yule kipepeo wa rangi ya machungwa, mwenye ncha nyeusi kwa mabawa. Wale hata hawaharakishi ukiwakaribia. Wanapepea polepole kama wenye shamba.

Kukhu, nyanya yetu, akaja mbio.

"Huyo akiwa kiwavi anakulanga yale majani ya utomvu mweupe. Ako na sumu!"

"Una uhakika, kukhu?"

Akamrushia kuku wake ile nusu. Huyo kuku anakulanga kila kitu, hata sabuni.

Kuku akadonoa. Akatema. Akapangusa mdomo kwa udongo, huku na huku, akaenda zake.



Nikambeba mtoto mbio hadi zahanati. Mlangoni akatapikia shati yangu. Sijawahi kushukuru Mungu kwa matapishi, lakini leo nimeshukuru. Nesi akamkagua, akasema ako sawa, ila nisimwondolee macho.

Sijamwondolea. Saa hii kipepeo mwingine amepita, na mtoto akafunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Hata ndege anajifunzanga hivyo," kukhu akasema. "Akitapika mara moja, harudii."

Nisaidieni haraka. Dada ameingia, na kama kawaida ameanza na swali lake:

"Leo mtoto amekula nini?"