Muthamia na Mafuta Mazito ya Meli

Ukimkuta Muthamia leo pale Nkubu, kule Meru, na gambuti zake na kofia ya sufu, huwezi kuamini kwamba mzee huyu aliishi miaka mingi tumboni mwa meli. Lakini mtajie tu mafuta mazito! Macho yanamng'aa, chai inapoa, na wewe utachelewa kwenu.

Miaka ya sabini alisimamia mashine ya kusafisha mafuta katika meli ya mizigo. Mafuta yale ni meusi tititi, yana maji na chembe ngumu kama mchanga. Yakiingia kwenye injini hivyo hivyo, yanakwangua chuma mpaka injini inakufa. Kwa hiyo yalipashwa moto, yakazungushwa kwa kasi, uchafu ukabaki pembeni. Muthamia hakushangaa hata kidogo. Mama yake, Marcella, alitenganisha krimu kwa mashine ya namna hiyo, na mzungusha mpini alikuwa Muthamia mwenyewe. Maziwa yakiwa baridi, au ukiyamimina kwa pupa, kazi bure.

Safari moja wakauziwa mafuta machafu ajabu. Wakiwa katikati ya bahari, redio ikaleta habari: Marcella mahututi, mtoto aje haraka. Masikini Muthamia! Akaenda kwa fundi mkuu, akaomba mafuta yapite polepole ili uchafu wote ukamatwe. Fundi akakubali, na kwa kuwa injini sasa ilipata mafuta kidogo kidogo, meli ikapunguza mwendo.

"We Mmeru, umerukwa na akili?" mwenzake Gitari alimfokea. "Mama anakungoja, nawe unapunguza?"

"Ndiyo maana napunguza. Injini ikifa hapa, nitaogelea mpaka Nkubu?"

Alijibu kwa ukali, kisha akajificha nyuma ya tangi akalia. Kila alipofungua mashine alikwangua tope jeusi kwa vidole, huku akimwomba Mungu. Lo, safari ilivyokuwa ndefu!

Walifika Mombasa injini ikinguruma vizuri. Muthamia hakungoja hata kuoga, alipanda basi na ovaroli yake. Alimkuta mama yu hai, sauti imekwisha. Dada yake, Cicily, kuona mikono ile myeusi, akakimbilia maji na sabuni.

Marcella akatikisa kichwa, akaishika mikono ya mwanawe juu ya shuka alilojifunika.

"Mwache," alinong'ona. "Nilikuwa namngoja yeye, si mikono misafi."

Alifariki kesho yake mchana. Shuka lile lina alama za vidole vyeusi, na Muthamia hajakubali lifuliwe mpaka leo.