Kibuyu cha Dawa

Baba yangu aligundua dawa ya ugonjwa wa sukari. Hakuhitaji maabara. Alihitaji jirani yetu anayetengeneza dengelua, pombe yetu ya miwa, pamoja na simu ya jirani huyo, ambayo ilikuwa imesoma kuliko mtu yeyote hapa Mghange.

"Wazungu wamepima, bwana," jirani alimwambia, wamekaa nyuma ya jiko letu. "Mtu akinywa kidogo, sio kulewa, kidogo tu, ile insulini yake inaamka. Inaingiza sukari mwilini inavyotakiwa. Asiyekunywa, yake inalala."

"Lakini miwa si ndiyo sukari yenyewe?"

"Ikichacha, sukari yote imeliwa. Si umeionja? Ni kali, haina utamu."

Baba alikuwa ameionja miaka mingi, kwa kujificha, maana yeye ni mzee wa kanisa. Sasa sayansi ilikuwa imepanda milima hadi kwake kumwomba radhi.

Mama alikuwa ameshaondoa sukari yote nyumbani tangu Baba apatikane na ugonjwa. Hata asali ilienda kwa dada yake. Aliposikia habari ya dawa mpya aliendelea kuchambua maharagwe.

Simu ilisema kidogo, haikusema kidogo ni kiasi gani. Baba aliziba pengo hilo mwenyewe. Kibuyu kikishakauka hakikui tena, lakini kile alichonywea Baba dengelua kilikua. Vidonge vya kliniki hakuviacha, kwa kuwa si mtu wa kudharau hospitali. Alivimeza kwa dengelua. Alichoacha ni ugali, kwa sababu aliambiwa una sukari ndani yake, na hakutaka chakula kimharibie dawa.

Na dawa ilifanya kazi. Asubuhi alijitoboa kidole, akaweka damu kwenye mashine yake ndogo ya kupimia, na nambari ikashuka. Aliionyesha kwa kila mtu, hata mgeni aliyekuwa anauliza njia.

"Mama watoto, njoo uone. Insulini imeamka."

"Na wewe uamke ukalime," Mama alisema.

Jumamosi moja mchana nilimkuta amekaa chini, ameegemea ukuta wa jiko. Kibuyu kilikuwa kitupu. Mikono ilimtetemeka, na alipoulizwa kitu alijibu kingine.

"Amelewa. Mwache alale," Mama alisema.

Mimi si msemaji. Maneno yangu huja wakati watu wameshaondoka. Lakini Baba akilewa huimba nyimbo za kanisa, zote, na beti zisizokuwepo. Siku hiyo hakuimba. Tena ukungu ulikuwa umeshuka, sisi tumevaa sweta, na shati lake lilikuwa limelowa jasho.

"Mama," nilisema, "haimbi."

Mama aliweka ungo chini. Alimtoboa kidole mwenyewe. Mashine ilionyesha nambari ambayo hatukuwahi kuiona, ya chini kabisa. Alipiga simu kliniki.

"Anaweza kumeza?" daktari aliuliza. "Basi mpe sukari sasa hivi."

"Daktari, huyu ana ugonjwa wa sukari."

"Najua, mama. Mpe."

Nyumba nzima haikuwa na punje moja, kwa bidii ya Mama mwenyewe. Nilikimbia kwa jirani, na kwa mara ya kwanza maishani nilipiga kelele kwa mtu mzima. Alikuwa anakamua miwa ya pombe mpya. Alikuja na jagi la maji ya miwa, mabichi, ambayo hayajaanza kuchacha. Mama alimnywesha Baba kidogo kidogo, hadi macho yake yakatutambua.

"Mbona mnanipa kitu kitamu?" aliuliza. "Mnataka kuniua?"

Kliniki, daktari alimweleza taratibu. Ni kweli, alisema, kuna watu wanaokunywa kidogo na insulini yao ikaonekana kufanya kazi vizuri. Lakini ini huhifadhi sukari na kuitoa mtu anapokaa na njaa. Pombe ikiingia, ini linashughulika nayo kwanza na kuacha ile kazi nyingine. Na vidonge vyake navyo vinashusha sukari.

"Kwa hiyo nambari zangu nzuri?"

"Ulikuwa unaelekea shimoni, mzee, na ukifurahia mteremko."

"Basi kidogo ni kiasi gani?"

"Kwako, na vidonge hivi, ni hakuna."

Baba amekubali. Huwaambia watu kwamba miwa ndiyo iliyomwokoa, na hatuwezi kusema ni uongo. Mama ameweka mfuko wa sukari juu ya kabati, wa dharura, na haruhusu mtu kuugusa. Baba akikaa kimya muda mrefu, Mama hunituma nikamwangalie. Ameligundua hilo, kwa hiyo siku hizi huimba kutwa, bila kunywa chochote, beti zote.

Anaimba vibaya sana. Akinyamaza, Mama humwomba aendelee.