Kibawa Kilichotiwa Upako

Kwa miezi saba nilitengeneza, hapa Makongeni, kifaa cha kumwonya rubani wa ndege ndogo akiinua pua ya ndege kupita kiasi, kabla haijaanguka. Kazi yote hufanywa na kibawa chepesi kinachogeuzwa na upepo kwenye bawaba yake. Jumapili mama yangu akakipeleka madhabahuni, na pasta akakimiminia mafuta ya upako. Nilijua bawaba ile haitaki hata tone. Mbele ya kanisa zima, mjinga mimi nikaitikia amina. Vumbi la Jogoo Road likanata kwenye mafuta na kumalizia kazi.

Jana rubani aliyekubali kukijaribu alikielekeza kwenye upepo. Kibawa hakikutikisika. Akagusa bawaba, akanusa kidole.

“Fundi, umeweka mafuta ya kupikia?”

Nikasema ndiyo. Ningemwambiaje kwamba huo ulikuwa upako?