Bastola za Tata Ukutani

Tata, yaani baba yangu, hakuwa askari, wala hakuwahi kuwinda hata ndege. Alikuwa karani wa kampuni ya migodi pale Kolwezi, mtu wa miwani na kalamu mfukoni, na baada ya mama na sisi watoto wake, kitu alichokipenda duniani ni bastola za bandia. Mambo yalipoanza kuharibika na Wazungu wa migodini wakafunga virago, waliuza vyombo vyao mlangoni. Wenzake tata walikimbilia friji na vitanda. Yeye alirudi mtaani kwetu Kapata na bastola ya gumegume yenye mpini wa mbao, mfano wa zile za mabaharia wa zamani.

"Benzako banaleta frigo, we unaleta bunduki ya kuchezea!" mama alifoka.

"Frigo itaharibika," tata alimjibu. "Hii, itaharibika namna gani?"

Hapo alisema kweli, kwa sababu haikuwa na kazi yoyote. Mtutu wake ulikuwa umezibwa. Hata njiti ya kiberiti haikuingia. Baadaye alileta nyingine yenye mitutu miwili, kisha moja ndogo, ya mwanamke kuficha mkobani. Alizitundika sebuleni juu ya kitambaa chekundu, na kila Jumamosi alizisugua kwa limau na majivu mpaka zikang'aa.

Mtaa mzima ulizijua. Kila mwaka mpya mpiga picha alikuja kwetu, maana hakukuwa na ukuta mzuri kuliko wetu, na majirani walipanga foleni wakiwa wamevaa nguo za sikukuu. Kila mmoja alichagua bastola yake, akaichomeka kiunoni au akaielekeza juu, akakunja uso kama jambazi. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa umeme, alikuja hata siku ya ndoa yake. Alipigwa picha ameshika ile ya mabaharia, bibi harusi akijifanya anaogopa. Picha hiyo aliitia kwenye fremu. Nayasema haya makusudi, ili mtu asije akaniambia kwamba yule bwana hakujua.

Kisha ukaja wakati wa kuambiwa kwamba sisi si watu wa pale. Tata alizaliwa Kolwezi, lakini babu alitoka mkoa wa Kasai, na hiyo ilitosha. Tukaitwa bilulu, yaani wadudu. Mama alimsihi tata azitupe chooni bastola zake.

"Mi nikizificha, ndio zitakuwa bunduki," tata alisema, akiuonyesha ukuta. "Zikae paka ku mur. Kila muntu anazijua."

Aliwaamini majirani. Kama huo ni ujinga, basi ni ujinga wa mtu mwema, na mimi simlaumu. Wa kulaumiwa yupo.

Vijana waliokuwa wakiwafukuza watu wa Kasai waliingia kwetu mchana, chakula kikiwa mezani. Walipouona ule ukuta, walipiga kelele kwamba wamepata ghala la silaha. Tata alicheka kwanza, masikini. Akachukua njiti ya kiberiti ili awaonyeshe. Kiongozi wao akampiga mkono, njiti ikaanguka.

"Kama haitumike, unaisafisha ya nini?" akamwuliza.

Jirani alikuwa amesimama mlangoni kwetu pamoja na watazamaji. Tata akamgeukia, naye akamwita tata, kama tunavyomwita kila mwanamume wa kuheshimiwa.

"Tata, we mwenyewe uliishikaka siku ya ndoa yako. Ubaambie."

Jirani akatazama viatu vyake. "Mi sijue kitu," akasema.

Mama alitoka mbio, akaingia nyumbani kwa jirani kuichukua ile picha. Alikuta msumari mtupu. Mtu yule alikuwa ameshaitoa ukutani kabla vijana hawajafika kwetu! Mpaka leo nikiukumbuka ule msumari damu inanichemka.

Tata alipelekwa ofisini kwa askari, mama na mimi tukimfuata nyuma. Mkubwa wao alijaribu kuingiza ncha ya kalamu mtutuni, ikagoma. Alicheka mpaka akakohoa. Alimwachilia tata, akabaki na bastola. Lakini tuliporudi Kapata tulikuta vitu vyetu vimetupwa uani, na mdogo wake jirani ameketi sebuleni kwetu, kwenye kiti cha tata, anakula chakula tulichokiacha mezani.

Tukaenda stesheni kama wengine waliofukuzwa. Tulilala chini tukingoja treni ya Kasai, tukinywa maji ambayo hata mbuzi angeyakataa. Tata akashikwa na kuhara. Hakuulizia nyumba, hakuulizia bastola. Aliuliza jambo moja tu, tena na tena, sababu ya jirani kunyamaza: "Juu ya nini hakusema?" Treni ilipofika, tulikuwa tumeshamzika.

Nilirudi Kapata nikiwa mtu mzima, mwenye watoto wakubwa. Nilimkuta jirani yu hai, mzee wa kutembelea fimbo. Alinipokea kwa macho makavu, akaagiza kiti na chai, akaniuliza habari za mama. Na juu ya kabati lake, ile picha ya ndoa ilikuwa imerudi kwenye msumari wake: yeye kijana, amekunja uso, bastola ya tata mkononi.

Nikamwonyesha kwa kidole. "Tata, hii bunduki ilikuwa ya kweli?"

Akacheka, meno machache nje. "Ile? Hapana, mama! Ilikuwa ya kupamba tu, ya tata yako. Haikukuwa hata na tundu. Kila muntu alijua."

Ilimchukua pumzi moja tu kulisema neno hilo.