Niliuamkia Mgunga

Tangu nihamishiwe huku Shinyanga, rafiki yangu ni mgunga ulio nyuma ya darasa la tano. Mvua zikinyesha miti mingine yote inachipua, lakini wenyewe unapukutisha majani, unabaki uchi. Tukaelewana.

Wanafunzi niliwafundisha kuuchunguza kimyakimya, kisha waeleze walichoona na kusikia. Jana, nikidhani wako kwenye uji, mimi mtu mzima niliuamkia shikamoo, nikauegemea na kuulalamikia kwamba simu yangu haiiti na ugali wa kula peke yangu haushuki.

Leo darasani Kabula akasimama.

"Mwalimu, mgunga umebakiza majani machache, maua bado. Jana uliamkiwa, haukuitikia. Sisi tulikuwa upande wa pili." Akataka kukaa, akasimama tena. "Mama anauliza, mwalimu unakula mboga gani."