Kanzu ya Diwani

Sijamsamehe, na sitafuti sababu ya kumsamehe. Watu husema miaka hulainisha moyo. Wangu imeukausha tu, kama dagaa wa omena walioanikwa juani.

Baba alikuwa na bucha mtaa wa Kaloleni, mjini Kisumu. Alizaliwa Seme, upande wa Kombewa, akasilimu ujanani alipokuja mjini kutafuta kazi. Nyama yake ililiwa na kila mtu. Ndiyo ilikuwa desturi ya Kisumu: Mwislamu achinje, ili Mkristo na Mwislamu wale pamoja bila kuulizana. Asubuhi za Jumamosi mke wa mchungaji alipanga foleni nyuma ya mke wa muadhini, wakiteta habari za bei ya sukari.

Mtu ninayemsema alikuwa rafiki wa baba. Walichunga ng'ombe pamoja utotoni. Yeye alikuwa Mkristo, lakini kila Idi alikula kwetu, na mimi ndiye niliyemmiminia maji ya kunawa. Miaka michache baada ya uhuru, nilipokuwa na miaka kumi na sita, akautaka udiwani. Mpinzani wake alikuwa Mwislamu mwenye lori, aliyebeba wagonjwa wa dini zote bila kusita. Rafiki wa baba hakuwa na jema la kuweka mbele ya watu. Akatafuta kitu cha kuwagawa, akakipata kwenye sahani zao.

Jumapili moja jirani yetu, mama aliyeimba kwaya, aliingia kwetu bado amevaa nguo za kanisani.

"Mama," akamwambia mama yangu, "leo baada ya ibada tumehutubiwa pale nje. Ati uhuru gani huu, ikiwa hata nyama yetu lazima Mwislamu aisomee kwanza? Ati kila anayenunua pale kwenu anawapigia kura watu wa msikiti."

Jumamosi iliyofuata foleni haikuwapo. Jioni baba aliwatupia mbwa nusu ya ng'ombe.

Alikwenda kumwona rafiki yake, nikafuatana naye.

"Omera, ndugu yangu, umesema nini juu yangu?"

"Si wewe, ndugu yangu. Hizo ni siasa tu."

"Basi rudi ukawaambie si mimi."

Yule bwana akaangalia viatu vyake. "Ngoja kura ziishe."

Kura ziliisha, akashinda. Hakurudi kusema lolote.

Wazee wa msikiti nao wakaja. Walimtaka baba asimame siku ya Ijumaa atangaze kwamba Waislamu wasinunue tena maziwa wala samaki kwa Wakristo. "Sasa umewaona," walimwambia. "Hao si watu wako."

"Mama yangu mzazi ni Mkristo," baba akajibu. "Nimkatalie maziwa yake?"

Wakamsusia nao. Bucha ikafungwa, na baba akaenda kupakua magunia bandarini akiwa na mvi kichwani. Nilimwona akirudi mgongo umepinda, nikajifunza maana ya yale maneno "watu wetu". Mwenye kuyatamka hakuhitaji kusali. Alihitaji tu kujua nani wa kumfungia mlango. Yule rafiki wa baba alionekana kanisani mwaka wa kura peke yake, lakini chuki yake ilihudhuria kila Jumapili.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, nilikuwa nikimshonea fundi mmoja mjini. Siku hiyo diwani akaingia dukani, amenenepa, akataka kanzu. Hakunitambua. Alimweleza fundi kwamba atasherehekea Idi na Waislamu wa Kaloleni, kwa sababu safari hii alizihitaji kura zao.

Kanzu niliishona mimi. Nilifikiria kuacha sindano kwenye pindo. Kisha nikaona sindano ni kisasi kidogo mno. Nikaishona vizuri, mshono kwa mshono, maana nilitaka aje.

Akaja. Baada ya swala alisimama uwanjani, akasema sisi sote ni watoto wa Mungu mmoja. Nikainuka upande wa wanawake.

"Bwana diwani, mimi ni binti wa mwenye bucha. Rudia hapa maneno uliyosema pale nje ya kanisa."

"Mtoto, sijawahi kusema neno baya juu ya Waislamu."

"Ulisema." Ilikuwa sauti ya jirani yetu. Nilikuwa nimembembeleza wiki mbili nzima, na alikuwa amekuja na kitambaa chake cha kwaya begani. "Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Na wenzangu walikusikia."

Watu wakaanza kuzomea. Akatafuta mlango wa gari lake huku ameshika kanzu isimkwaze, na mimi nikacheka kwa sauti, nikitaka anisikie. Sijawahi kula Idi tamu kama ile.

Alishindwa vibaya. Mwenye lori akashinda, na kabla mwaka haujaisha vibanda vipya vya soko vilikuwa vya watu wa msikiti watupu. Jirani yetu aliondolewa kwenye kwaya, akaitwa msaliti na watu aliokuwa akiwapikia uji wakiugua. Hakunilaumu. Alihamia mtaa wa Nyalenda, na tulipokutana alinisalimia kwa haraka.

Jioni ya ile Idi baba aliniuliza, "Nyathina, mwanangu, umenilipizia mimi au umejilipizia wewe?"

"Wewe," nikasema.

"Mimi sikukutuma."

Nilimhurumia, na jirani yetu ninamlilia mpaka leo. Lakini uwanja ule, na mtu yule akikimbia, ningeurudia kesho asubuhi.