Tokuji Aliporudi Kazini Shiomidai

Mimi ni mwoga, sikatai. Kinuyo alipoanza kuingia Shiomidai na kamera yake nilimwambia waziwazi: shoga yangu, hilo gofu litakumeza. Hoteli ya vyumba mia nne juu ya bahari, imefungwa miaka ishirini na sita, vioo vimepukutika, upepo ukipita milango inabamizana ghorofa nzima. Yeye akacheka tu. Alikuwa akitandika vitanda humo tangu ana miaka kumi na tisa, na mumewe Tokuji ndiye aliyekuwa akiwasha boila la maji ya kuoga. Alitaka apige picha kila chumba alichowahi kukisafisha kabla jengo halijaanguka.

Sasa Tokuji, miaka hii miwili, akili yake inakwenda na kurudi. Jumanne moja asubuhi, nikiwa naanika dagaa, Kinuyo akanijia mbio bila koti.

"Sadae, Tokuji hayupo. Na sare yake ya kazi haipo kabatini."

Sikuuliza kaenda wapi. Tuliingia Shiomidai kwa mlango wa nyuma wa wafanyakazi, na pale kwenye rafu tukaviona viatu vyake, vimepangwa sawasawa, kwenye namba yake ileile ya zamani. Kwetu mtu haingii ndani na viatu. Hata aliyesahau jina la mwanawe hilo halisahau. Kwa hiyo yumo humo na soksi, na sakafu yote ni vipande vya vioo.

"Usimwite," Kinuyo akanong'ona. "Akishtuka atakimbia. Kanyaga ninapokanyaga mimi."

Ngazi zilikuwa na matone ya damu, mabichi. Tuliyafuata. Nilimshika Kinuyo upindo wa nguo mpaka nikaona haya, mwanamke mzima.

Ghorofa ya nne tukamwona. Alisimama ng'ambo ya korido ya mbao inayounganisha majengo mawili, na spana mkononi. Kati yetu na yeye kulikuwa na zulia jekundu. Mahali pale napajua kwa picha. Kinuyo alipapiga picha kutoka chini. Mbao za katikati zimeoza zote zikadondoka, limebaki zulia peke yake hewani.

"Boila limezimika," Tokuji akasema, akaanza kuja. "Wageni wanalalamika huko."

Kinuyo akainua kamera, ile asiyoivua shingoni.

"Samahani, naomba picha moja. Hapohapo ulipo. Usitikisike."

Tokuji akasimama. Akanyoosha kola, akabana mikono ubavuni, akakaza uso kama walivyokuwa wakipangwa kila mwaka mpya kwa picha ya wafanyakazi. Kinuyo akaanza kwenda kwake, mgongo ukutani, kisigino juu ya boriti ya pembeni, kamera usoni.

"Bado. Kidevu juu kidogo. Bado."

Kipande cha mbao kikamponyoka chini ya mguu. Nikasubiri nikisikie kikitua, kikachelewa sana.

"Fanya upesi basi, mama, nina kazi," Tokuji akasema bila kusogeza midomo.

"Kazi ipo tu. Bado."

Alipomfikia akaikamata sare yake kwa mikono miwili. Tokuji akamtazama, akamwinamia kwa adabu.

"Mama, wageni hawaruhusiwi huku. Umepotea?"

Kinuyo hakuiachia sare.

"Nimepotea," akasema. "Naomba unitoe."

Basi Tokuji akamshika mkono, akamteremsha kwa ngazi za upande ule, taratibu, "angalia kioo hapo, mama," na yeye mwenyewe soksi zimelowa damu. Mimi nikarudi kwa njia tuliyojia, nikawakuta nje wakiwa bado wameshikana.

Jioni, tulipokwisha kumtoa vioo miguuni na kumlaza, tulikaa jikoni kwake. Kinuyo hakuwa ametia kitu kinywani kutwa nzima.

"Miaka arobaini na moja, Sadae, hajawahi kunishika mkono mbele ya watu. Alikuwa anaona aibu, mke wake mwenyewe. Leo kanishika njia nzima, kwa sababu hakunijua."

Nikammiminia chai. Hakuigusa, aliinuka kwenda kukagua kufuli la mlango, na hiyo ilikuwa mara ya nne.